Tucheke majina yetu, lakini tuyaandike vizuri

Siku ya kulipwa, kwenye kariyeri yetu, kuna muchezo mumoja ambao haukosi. Karani anakaa na daftari yake kwenye meza, siye tunapanga mustari, anaanza kuita majina.

« Amani ! »

Mutu mumoja wa nyuma anajibu : « Amani hayuko, Shefu. Tangu zamani. » Mustari wote unapasuka kwa kicheko.

« Kambale ! » Watu saba wananyoosha mikono.

« Mateso ! » « Ako mu shimo, anakuya. »

« Na wewe, unaitwaka nani ? » « Sikujua. » « Hujui jina yako ? » « Sikujua, Shefu. » Karani anakasirika, anafikiri kijana anamuchezea, mpaka kijana anatoa karte yake. Sikujua ndilo jina lake, ndivyo mama yake alivyomuita, na hana lingine.

Tumecheka sana kwenye mustari huo na tutacheka tena. Mutu aliyeshinda chini ya udongo tangu asubuhi iko na haki ya kucheka kidogo. Lakini sisi wa sendika, tunaoshika madaftari na kuzunguka na wajane kwenye maofisi, tumeona kwamba jina lililochekesha watu kwenye mustari linaweza kuliza jamaa nzima kiisha. Ndiyo sababu leo hatuandiki juu ya bei ya koltani wala juu ya mbao za kushikilia mashimo. Tunaandika juu ya majina.

Mbele ya yote, tusiyaonee haya. Majina yetu iko na akili ndani yake. Kwa ndugu zetu Wanande, kwa kawaida Paluku ni kijana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, na Masika ni binti wa kwanza. Kwa hiyo karani anayeita « Kambale » peke yake mbele ya watu waliotoka Butembo, Beni na Lubero, ni kama vile anaita : « Wewe, kijana wa pili ! » Asishangae akiona mikono saba. Kosa si la wenye jina, ni la yule aliyeandika jina moja na kuacha la pili.

Majina mengine yanasimulia siku mutoto alipozaliwa. Safari alizaliwa njiani. Kimbilio alizaliwa pale jamaa ilipokuwa imekimbilia. Vita, tunajua. Machozi, mama yake alimupokea akiwa bado kwenye matanga. Masumbuko, Vumilia, Mateso : kila mumoja anabeba mwaka fulani mugongoni. Chukua orodha ya kalasi moja tu ya hapa Goma, isome pole pole, na utakuwa umesoma mambo yetu yote, vita na makimbizi, na moto wa Nyiragongo wa 1977, wa 2002 na wa 2021. Mutoto huyu hakuchagua jina. Wazazi waliandika habari ya nyumba yao kwenye jina lake, sababu hawakuwa na daftari ingine.

Kuna pia majina ya shukrani : Byamungu, Shukuru, Baraka, Dieudonné, Dieumerci. Na vijana wa leo wamekuja na yale yaliyofupishwa Kinshasa. Merdi ni « merci Dieu ». Glodi ni « gloire de Dieu ». Plamedi ni « plan merveilleux de Dieu ». Muzee mumoja wa kwetu, mujukuu wake alipoitwa Plamedi, aliuliza kama ni dawa ya minyoo, na mupaka leo anamupatia jina lingine akimuita. Na siye watu wa mawe hatukubaki nyuma : tuko na mabinti Feza na Zahabu, tuko na vijana Almasi. Tunamujua mama Feza mumoja anayekopa unga kila juma. Akifika dukani, muuzaji anamuambia : « Feza, feza iko wapi ? » Yeye mwenyewe anacheka wa kwanza.

Si siye peke yetu. Kule Tanzania wako watu wanaoitwa Shida, Tabu, Sikudhani, Chausiku. Na katika inchi zilizotawaliwa na Wafaransa inasimuliwa kwamba watoto waliozaliwa tarehe 14 mwezi wa 7 waliandikwa Fetnat, sababu kalenda ya ukutani ilionyesha siku hiyo « Fêt. Nat. », nao wazazi wakafikiri ni jina la mutakatifu. Kila inchi iko na vichekesho vyake.

Tena kuna jambo moja ambalo watu wa mbali hawaelewi. Hapa kwetu, jina la ukoo linasema kabila, hata kama mwenye nalo amenyamaza. Munajua vizuri ginsi mambo yanavyokwenda kwenye bariyeri : mutu mwenye bunduki anachukua karte, anasoma jina moja, anakutazama usoni, anasoma tena. Katika nukta hizo mbili, jina alilokupatia nyanya yako kwa upendo linageuka kuwa shitaka. Wazazi wengi wa Goma walielewa hayo tangu miaka ya 1990. Waliita watoto Bahati, Furaha, Neema, Amani, Riziki, Heri, majina ya Kiswahili ambayo si ya kabila lolote na ni ya watu wote. Mugeni anasema : « Kwa nini kila mutu hapa anaitwa Bahati ? » Tunamujibu : sababu Bahati anaweza kupita.

Tuangalie sasa fujo ilitoka wapi. Mwezi wa 10 mwaka 1971, inchi ikaitwa Zaïre. Mwanzoni mwa 1972, Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, na wanainchi wote wakaamriwa kutupa majina ya kizungu. Padri aliyebatiza mutoto kwa jina la namna hiyo aliweza kufungwa. Kardinali Malula wa Kinshasa alikataa, na ilimubidi aondoke inchini kwa muda, akakaa Roma. Huku kwetu baba zetu walifanya kama watu wa kawaida wanavyofanyaka : waliitika jina moja kwenye kanisa, lingine kwenye biro. Jean wa Jumapili alikuwa mutu mwingine siku ya Kazi-Moja.

Kiisha, tangu 1990, Mobutu alipolegeza kamba, majina ya kizungu yakarudi. Sisi tulio na miaka makumi ine na kitu, tuliandikishwa kwenye shule ya musingi bila prénom, na prénom ikaongezwa mwishoni, kama mukia. Ndiyo maana karatasi zetu ziko na visanduku vitatu, nom, postnom na prénom, na kila karani anavijaza kwa mupango wake. Kwenye karte ya muchaguzi, postnom iko mbele. Kwenye karte ya kreseri, prénom imekuwa jina. Kwenye diploma, « Cito » imeandikwa « Tshito ». Na sababu kwetu mutoto halazimishwi kubeba jina la baba yake, nyumba moja inaweza kuwa na watoto wane wenye majina mane mbali mbali. Siye tunaona ni kawaida. Lakini mutumishi wa ambasade, au wa benki, anaona mutu anayetaka kumusaidia mutoto asiye wake.

Kama munafikiri ni mambo ya maskini tu, mukumbuke kijana wetu aliyecheza Ujerumani, timu ya VfB Stuttgart. Dunia yote ilimujua kwa jina Silas Wamangituka. Mwezi wa 6 mwaka 2021, yeye mwenyewe alisema wazi : jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa. Timu ilieleza kwamba mutu aliyekuwa anasimamia mambo yake zamani ndiye alimuingiza katika jina lile. Shirikisho la mupira la Ujerumani lilimusimamisha miezi 3 na kumulipisha euro 30 000. Yeye alikuwa na timu kubwa nyuma yake, na mawakili, akarudi uwanjani. Muchimbaji wa Masisi, Walikale ao Lubero iko na nani ?

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Karani anaandika yake, lakini mu shimo hatuitanaka kwa majina ya karani. Tunaitana Chuma, Komando, Simba, Maradona, Kinyonga, Dix Heures. Kuna sababu za kweli. Chini kule, hewa ni kidogo na sauti haifiki, jina fupi linaokoa mutu. Wengine wanapenda kuacha jina la nyumbani inje, wanasema udongo usilizoee. Na wengine, tuseme ukweli, wanaficha jina : mutu anakimbia deni, mwingine anakimbia jeshi, mwingine alimuacha bibi yake kijijini.

Mwaka mumoja, na hatutaji kariyeri sababu jamaa bado iko na uchungu, shimo lilianguka usiku wa mvua. Tulitoa maiti watano. Wane tulijua majina yao. Wa tano tulimuita Kilo Mbili. Alichimba pamoja nasi karibu miaka miwili. Tulijua kwamba hali pilipili. Tulijua nyimbo alizopenda. Tulijua hata deni yake ya sabuni kwa mama wa kantini. Lakini wakati wa kuandika, hakuna hata mumoja wetu aliyejua jina lake, wala kijiji chake, wala nambari ya simu ya ndugu yake. Karte yake, kama alikuwa nayo, ilibaki chini. Tulitengeneza musalaba wa mbao na kuandika juu yake kwa rangi : KILO MBILI.

Miezi mine kiisha, mama mumoja alifika na mutoto mugongoni. Alikuwa anatafuta bwana yake, akataja jina ambalo hatujasikia hata siku moja. Tulimujibu kwa roho safi : « Mama, hapa hatuna mutu wa jina hiyo. » Alitusalimia, akageuka, akaanza kurudi njia yake. Ni kijana mumoja tu aliyemukimbilia na kumuuliza : « Mama, huyo bwana yako, kidole kimoja ya mukono ya kushoto haikukatika ? » Mama akakaa chini pale pale njiani.

Na hayo hayakuwa mwisho. Kulikuwa na makuta kidogo yaliyoahidiwa kwa wajane wa ajali ile. Kwenye daftari kuliandikwa Kilo Mbili. Kwenye karatasi ya ndoa kuliandikwa jina lingine. Walimuuliza mama : « Unaonyesha namna gani kwamba huyu ndiye yule ? » Tulizunguka naye ofisi kwa ofisi. Mashahidi tulikuwa wengi, lakini karatasi ilitushinda. Mupaka leo hajapokea hata franga moja. Wajane wane wengine walilipwa. Yeye alikosa sababu ya jina, na kosa la kwanza ni letu siye tuliokula na bwana yake miaka miwili bila kumuuliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane, na hakuna hata moja linaloomba feza nyingi.

La kwanza ni la kooperative na wenye mashimo. Daftari ya kila shimo iwe na mistari mitatu kwa kila mutu : jina lote kama liko kwenye karte, jina la mu shimo, na simu ya mutu wa nyumbani. Usiandike « Kambale » ukaenda. Andika nom, postnom na prénom, kwa mupango ule ule. Na jina la mu shimo msilifute, sababu siku ya ajali ndilo wenzake watalitaja. Yanahitajika yote mawili, moja kando ya lingine. Sheria ya machimbo inataka kila kreseri awe na karte na awe ndani ya kooperative. Basi kooperative isikusanye michango tu, ikusanye pia majina.

La pili ni letu wenyewe. Kila wawili wanaoshuka pamoja, wajuane majina ya kweli. Siye hatuulizi ili kukushitaki. Kama unakimbia deni ao kama kuna jambo lingine, hilo ni lako. Mwambie mutu mumoja tu unayemuamini, aandike, afunge, atunze. Sendika si polisi. Lakini bibi yako asije kuzunguka kariyeri zote za Kivu na mutoto mugongoni.

La tatu ni la wazazi. Mutoto akizaliwa, mumuandikishe kwenye eta sivili mbele ya siku 90 kupita. Katika muda huo kumuandikisha ni bure, na ukichelewa njia inapita kwenye tribinali. Mukifika pale, mutamuke jina herufi kwa herufi, na mbele ya kutia mukono musome kilichoandikwa. Kama hamujui kusoma, mwende na mutoto wenu mukubwa. Usione haya kumuambia karani : « Papa, umekosea. » Kosa la dakika moja pale ni kazi ya miaka makumi tatu baadaye.

Na jina lenyewe ? Hatutaki kuwafundisha wazee kuita watoto. Mateso aliyeitwa hivyo sababu mama aliteseka kumuzaa, jina lake ni heshima kwa mama. Lakini kuna majina yaliyotoka kwenye hasira ya bibi na bwana, ao kwenye ugomvi na jirani. Mutoto anabebeshwa tusi ambalo lilikuwa la mutu mwingine. Kwenye kalasi wanamucheka, anaacha shule, anatukuta siye mu shimo akiwa na miaka 14, pale ambapo sheria na siye tunakataza awe. Code de la famille ya 1987, iliyotengenezwa upya 2016, inasema kwenye artikle 58 kwamba jina litoke katika mila za Wakongomani, na lisiwe la kutukana, la kudharau, wala la kuchokoza. Mbele ya kumuita mutoto, muliite jina hilo kwa sauti mara kumi hapo inje kwenye barabara. Kama mara ya tano munaona haya, mutafute lingine.

La ine ni la wale walio na jina linalowatesa. Artikle 64 inakubali kubadilisha jina mbele ya tribinali ya amani ya pahali unapokaa, kama iko sababu ya haki. Tunajua wazee watasema : « Kubadilisha jina ni kumutukana aliyekupatia. » Tunaheshimu neno hilo, na ndiyo sababu tunasema mukae kwanza na jamaa, muongee. Lakini tukumbuke pia kwamba katika 1972 inchi nzima ilibadilishiwa majina kwa amri ya mutu mumoja, na hakuna aliyeuliza wazee. Mutu mumoja anayeomba kwa adabu, na karatasi mukononi, hakosei. Asiyetaka kubadilisha, asibadilishe. Ila tu liandikwe namna moja kila pahali.

Kuna wenzetu wanaotuambia : « Munapoteza wakati na majina, wakati watu wanakufa kwa njaa na kwa risasi. » Tunawajibu kwamba mutu asiye na jina kwenye daftari hahesabiwi hata akifa. Ukitaka kudai mbao nzuri za shimo, ni lazima useme wangapi wameanguka. Ukitaka kusema wangapi, ni lazima useme ni nani. Kazi yote ya sendika inaanza pale.

Kwa hiyo siku ya kulipwa itakayokuja, tutapanga mustari kama kawaida. Karani ataita Amani, na yule wa nyuma atajibu kwamba Amani hayuko. Tutacheka, hakuna mutu anayekataza. Lakini mbele ya kuondoka, kila mumoja asogee kwenye meza, aangalie kwenye daftari ginsi jina lake limeandikwa, la kwake na la yule anayeshuka naye. Aliyekosewa aseme pale pale.

Na mama yule, kama haya yatamufikia : musalaba tumeubadilisha. Jina la bwana yako liko pale sasa, yote matatu, na Kilo Mbili chini yake, kwa herufi ndogo.